Skopu ipi kwa fundi wa Choma?

Fundi wa redio wa Choma cha Nkola, wilayani Igunga, akitaka kununua osiloskopu leo hakosi mtu wa kumwambia atafute yenye megahezi nyingi kadiri mfuko wake utakavyoruhusu. Ushauri huo unapotosha. Megahezi ndiyo namba iliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na ndiyo maana inatajwa sana. Kompyuta ya zamani iliyokufa mezani inadai kitu kingine: kifaa kinachoonyesha hasa hitilafu iliyoiua, kinachoweza kufanya kazi kwa umeme uliopo pale, na ambacho gharama yake itarudishwa na kazi nyingine za kila siku. Swali likianzia hapo, vifaa vinavyofaa kununuliwa vinajipanga upya, na baadhi ya vinavyosifiwa sana vinashuka chini.

Tuanze na kompyuta zenyewe. Ulaya na Marekani, anayetaja kompyuta ya zamani huwa anafikiria Commodore 64, ZX Spectrum, Apple II au IBM PC ya mwaka 1981. Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500 iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, ilifungwa Hazina mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ikaja kuleta vurugu kubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini pasipo kibali. Zuio hilo lilikuja kulegezwa miaka ya 1980, lakini wakati huo vijana wa Uingereza walikuwa tayari wanajifunza kuandika programu sebuleni, huku Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mashine za kizazi kile zilizopo nchini ni chache, na kila moja iliyosalia inastahili kutunzwa kwa bidii kuliko wenzake elfu walioko Ulaya. Zilizojaa kwetu ni za baadaye: 486, Pentium, Pentium III na Pentium 4, zilizokuja kama mtumba au msaada wa shule. Ndizo zilizorundikwa stoo za shule za sekondari na ofisi za vyama vya msingi, zikiwa na vumbi, mayai ya mijusi na diski zenye kumbukumbu ambazo hakuna aliyezinakili.

Makundi haya mawili yanamtaka fundi vitu tofauti. Kundi la kwanza linakwenda taratibu. Chipu ya Z80 ndani ya ZX Spectrum inapiga megahezi 3.5, 6502 ndani ya BBC Micro inapiga 2, Commodore 64 ya Ulaya haifiki hata 1, na IBM PC ya kwanza inapiga 4.77. Karibu kila kitu kinachotokea ndani yake kinaonekana kwa kifaa cha bei ya chini. Kundi la pili linakimbia: njia kuu ya Pentium III ina megahezi 100 au 133, na skopu ya kuifuata vizuri inagharimu kuliko karakana nzima. Mtu akisikia hivyo anaweza kukata tamaa na hizi Pentium. Asikate tamaa, kwa sababu zinazoua Pentium mara nyingi si zile njia za kasi.

Zinazoua ni zipi? Kwa bodi za 386 na 486, betri ya nikeli-kadimiamu iliyolehemiwa kwenye bodi huvuja na kula njia za shaba zilizo karibu nayo. Hiyo unaiona kwa macho, kwa rangi ya kijani na harufu yake, na dawa yake ni siki kidogo, brashi na waya mwembamba wa kuunganisha njia zilizoliwa. Bodi za tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu 2007 ziliangukia kwenye kile kipindi cha kapasita mbovu: vichwa vimevimba, kahawia imechuruzika kando ya prosesa. Hiyo nayo macho yanatosha. Tabora na Igunga tunaongeza za kwetu: radi za masika, umeme unaopanda na kushuka, panya kwenye waya. Fundi makini hutatua sehemu kubwa ya kazi hizi kwa macho, multimita na pasi ya kulehemu, na asiyeweza kuzitatua hivyo hataokolewa na skopu.

Skopu inaingia pale multimita inapodanganya. Hapa nataka tukae kidogo.

Chukua kompyuta ya Pentium 4 inayowaka, feni zinazunguka, kioo cheusi. Fundi anapima pawasaplai kwenye plagi kubwa inayoingia kwenye bodi: waya mwekundu volti 5.02, wa njano 11.9, wa rangi ya chungwa 3.3. Yote ni mazuri, basi hukumu inakuwa kwamba bodi imekufa, nayo inatupwa. Sasa weka ncha ya skopu kwenye waya uleule mwekundu, klipu ya ethi kwenye waya mweusi, chagua AC ili volti 5 za kudumu zisikuzibe, na ongeza ukuzaji hadi milivolti 50 kwa kila mraba. Vipimo rasmi vya ATX vinaruhusu mtikisiko usiozidi milivolti 50 kwenye volti 5 na 3.3, na usiozidi 120 kwenye volti 12, kutoka bonde hadi kilele. Ukiona meno ya msumeno yenye kimo cha milivolti 400, umempata muuaji, na ni kapasita mbili tatu za shilingi chache ndani ya pawasaplai. Multimita ilikuwa ikitoa wastani, na wastani wa mtikisiko ule ni 5.02 kweli.

Halafu kuna waya wa kijivu. Huo ndio unaoiambia bodi kwamba umeme umetulia, kompyuta ianze kazi. Kwa kanuni ya ATX unatakiwa kupanda kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya volti kutulia. Ukipanda mapema mno, prosesa inaanza kufanya kazi umeme ukiwa bado unayumba na inakwama kabla ya kuonyesha chochote. Ukipima kwa multimita baadaye utakuta volti 5, sawasawa. Ni skopu ya dijitali yenye chaneli mbili tu, moja kwenye waya mwekundu na nyingine kwenye wa kijivu, ikiwa imetegwa kukamata tukio moja, itakayokuonyesha nani alitangulia kupanda. Kazi hiyo haihitaji hata megahezi moja. Inahitaji kumbukumbu, trigga inayoaminika na chaneli ya pili.

Mfano wa Spectrum uko karibu na huo. Mguu wa 11 wa Z80 ni volti 5, wa 29 ni ethi, wa 6 ni saa, wa 26 ni riseti. Fundi anapita miguu hiyo minne kwa mpangilio huo. Saa ikiwa hai, kila pigo lina takribani nanosekunde 286. Riseti inatakiwa ikae chini kwa muda mfupi mara mashine inapowashwa, kisha ipande na ibaki juu. Kama yote yapo na mashine bado imekufa, ncha inahamia kwenye miguu ya data, na hapo ndipo skopu inapoonyesha jambo ambalo kifaa kingine hakiwezi. Kwa mantiki ya volti 5 ya chipu za TTL, chini ya 0.8 ni sifuri na juu ya 2.0 ni moja. Chipu mbili zikigombania waya mmoja, moja ikivuta juu na nyingine ikivuta chini, mstari unaning'inia katikati, volti 1.4 au 1.5. Kichunguza mantiki kitauandika kuwa sifuri au moja na kuendelea na safari. Skopu inauonyesha ulivyo, na fundi anajua ni chipu gani aanze kuishuku.

Basi megahezi ngapi? Namba ya boksini, yaani upana wa skopu, ni ile ambayo wimbi likifika hapo, skopu inalionyesha likiwa na asilimia 70 tu ya kimo chake halisi. Na mawimbi ya kompyuta yana pembe kali, kwa hiyo kasi ya kupanda ndiyo ya kuangalia kuliko idadi ya mapigo. Gawanya 0.35 kwa upana wa skopu, utapata muda mfupi kabisa inaoweza kuuonyesha: megahezi 20 zinatoa nanosekunde 17.5, 50 zinatoa 7, 100 zinatoa 3.5. Chipu za familia ya 74LS, zilizojaa kwenye mashine za miaka ya 1980, hupanda kwa nanosekunde chache hadi kumi hivi. Kwa hiyo megahezi 20 zitakuambia kama wimbi lipo, zikiwa zimelivisha mabega ya duara. 50 zitakuonyesha sura yake. 100 ni raha. Juu ya hapo, kwa kazi hizi, ni pesa iliyotupwa.

Tuje dukani sasa. Bei ninazotaja ni za kukadiria na ni za huko nje, kabla ya usafiri na ushuru.

Ile kiti ndogo ya kujiunganishia, DSO138, inayouzwa takribani dola 20, ina upana wa kilohezi 200. Kwa redio ya spika na kwa kujifunzia ni nzuri sana, na ningependa kila mwanafunzi wa umeme wa VETA aunganishe moja kwa mikono yake. Kwa kompyuta haifai. Saa ya Spectrum ikiwekwa humo inaonekana mstari ulionyooka, na fundi asiyejua atahukumu kwamba kristali imekufa. Kifaa kinachomdanganya mtu ni hatari kuliko kukosa kifaa.

Hatua inayofuata ni vile visanduku vinavyochomekwa kwenye kompyuta mpakato kwa USB, mfano Hantek 6022BE: chaneli mbili, megahezi 20, sampuli milioni 48 kwa sekunde, kwa dola 60 au 70 hivi. Sampuli milioni 48 ni nukta kama 14 kwa kila pigo la Spectrum, zinatosha. Kwa kristali ya megahezi 14 iliyo kwenye IBM PC ni nukta tatu, hazitoshi kuhukumia umbo. Kasoro yake kubwa ni nyingine: ethi ya kisanduku na ethi ya kompyuta mpakato ni kitu kimoja. Klipu ikigusa pasipostahili, unapoteza vyote viwili.

Katikati kuna vidude vya kioo cha kugusa vinavyojiita megahezi 100 kwa dola mia na kidogo. Wengi waliovipima kwa uangalifu wamekuta haviifikii namba hiyo, na fundi wa Choma hana duka la kurudishia. Mimi ningeviacha. Kwa pesa zinazokaribiana na hizo kuna skopu za mkononi zenye betri, mfano OWON HDS242, chaneli mbili, megahezi 40, na multimita humohumo. Kwa mtu anayefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika mchana kutwa, hii ninaiheshimu sana.

Karibu dola 200 unapata skopu kamili ya mezani kama Hantek DSO2C10, chaneli mbili, megahezi 100, sampuli bilioni moja kwa sekunde. Rigol DS1054Z, iliyopendwa na mafundi wa dunia nzima tangu katikati ya miaka ya 2010, ina chaneli nne na megahezi 50 kwa kati ya dola 350 na 400. Na Rigol DHO804 ya mwaka 2023, kwa zaidi kidogo ya 400, ina chaneli nne, megahezi 70, biti 12 badala ya 8 za kawaida, na inalishwa umeme kwa waya wa USB-C. Hiyo sifa ya mwisho huko kwingine hupitwa kwa haraka. Kwetu, penye sola na betri, ni sababu nzito ya kuinunua.

Nikiulizwa moja ya fundi wa kompyuta za zamani mwenye karakana ndogo, nitasema ya mezani yenye chaneli mbili na megahezi 100, na zile dola 200 zinazobaki ukilinganisha na Rigol ya chaneli nne ziende kwenye vitu vinavyosahaulika. Kichunguza mantiki cha chaneli nane kinauzwa takribani dola 10 na kinafanya kazi na programu huria ya sigrok. Hicho ndicho kitakachosoma njia nzima ya data kwa pamoja, kazi ambayo hata chaneli nne haziimalizi. Kadi ya POST ya kuchomeka kwenye PCI au ISA inakuonyesha bodi ya Pentium imekwama hatua gani, na inagharimu kidogo. Probu za akiba ziwepo, kwa sababu ikikatika moja huku, nyingine inatoka Dar es Salaam ikipenda, au ng'ambo.

Na probu zina la kuzungumzwa. Zile zenye swichi ya x1 na x10 huja zikiwa x1 na wengi huziacha hivyo. Kwenye x1 upana wa probu nyingi haufiki megahezi 10, haidhuru skopu imeandikwa 100, na probu yenyewe inaongeza uzito wa takribani pikofaradi 100 kwenye waya unaopimwa. Kristali ndogo ya kilohezi 32.768, inayotunza tarehe ya kompyuta, ikiguswa na probu ya namna hiyo inaweza kuzimika palepale. Weka x10, urekebishe kwa wimbi la mraba la kilohezi 1 lililo usoni mwa skopu mpaka pembe zake zinyooke, kisha ndipo upime.

Wapo watakaouliza juu ya skopu za zamani za kioo cha mshale wa elektroni. Tektronix 465, iliyotoka mwaka 1972 na kubeba megahezi 100, bado ni mashine ya fahari, na Hameg na Hitachi za megahezi 20 zimefundisha vizazi vya mafundi. Ikipatikana moja hai karibu, kwa bei ndogo, ichukuliwe. Kuiagiza kutoka nje ni jambo lingine. Tektronix 545 ya miaka ya 1950 ilikuwa na takribani kilo 30, mzigo kamili wa mpagazi wa Kinyamwezi wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, na hata zile nyepesi zilizofuata zinalipiwa nauli kubwa. Isitoshe hazikamati tukio la mara moja. Ule waya wa kijivu ungepita kwenye kioo chake kama mmweko na kutoweka.

Jambo la usalama halina budi kusemwa wazi, maana linaua watu. Klipu ya ethi ya skopu ya mezani imeungana moja kwa moja na pini ya ethi ya plagi yake. Ndani ya pawasaplai ya kompyuta, upande unaopokea umeme wa TANESCO una kapasita kubwa yenye takribani volti 325 za moja kwa moja. Klipu ikibanwa upande huo, mkondo unapita kwenye waya wa klipu, skopu na pawasaplai vinaungua, na fundi akiwa ameegemea chuma anaweza asisimame tena. Upande huo usipimwe kwa skopu ya kawaida bila transfoma ya kutenganisha au probu maalumu ya tofauti. Kukata pini ya ethi ya skopu ili "ielee", kama wanavyofundishana wengine, kunaihamishia hatari hiyo kwenye mwili wa skopu. Hata ile ya betri ina mpaka: klipu za chaneli zake mbili zimeungana ndani.

Kwetu kuna tatizo la ziada, kwamba nyumba nyingi hazina ethi kabisa. Skopu ikichomekwa kwenye kebo ya waya mbili, kapasita za kichujio chake zinaupa mwili wa chuma karibu nusu ya volti za njia kuu, na fundi anahisi mtekenyo mkononi. Mtekenyo huo unaweza kuua chipu ya kumbukumbu kabla hujaipima. Dawa ni nondo ya shaba iliyozikwa nje ya karakana na waya mnene hadi kwenye soketi. Udongo mweusi wa mbuga za Igunga hushika umeme vizuri wakati wa mvua na hukauka na kupasuka kiangazi, kwa hiyo nondo izikwe kina kirefu na mahali pake pamwagiwe maji miezi ya ukame.

Nani atalipa gharama zote hizi? Si kompyuta za zamani. Choma ni ya wakulima na wafugaji, na mwenye Pentium III ya kukarabatiwa haji kila wiki. Wanaokuja ni wenye inveta za sola zinazozima, chaji kontrola, amplifaya za harusi, televisheni, na bodaboda zenye CDI isiyotoa cheche. Koili ndogo ya pikipiki inayoiambia CDI wakati wa kuwasha hutoa pigo la chini sana kwa masafa, na skopu yoyote kati ya hizi za heshima inalionyesha waziwazi: lipo au halipo, zima au limechoka. Fundi anayeweza kumwonyesha mwenye pikipiki pigo hilo kwenye kioo, badala ya kumnunulisha CDI mpya kwa kubahatisha, atakuwa na wateja hadi Nzega.

Nimalizie na diski laini, kwa sababu ndiko kulikobaki kumbukumbu za vyama vya ushirika, shule na misheni za miaka ya 1990, na hizo zikipotea hakuna pa kuzipata tena. Diski iliyoandikwa na draivu yenye kichwa kilichopinda husomeka na draivu hiyohiyo tu. Ili kuisoma, fundi anafungua draivu nyingine, anatafuta nukta mbili za kupimia kwenye amplifaya ya kichwa, anaweka chaneli moja kila upande na kuiambia skopu itoe moja kutoka nyingine. Trigga inachukuliwa kwenye pigo la indeksi, ambalo kwa diski ya inchi 3.5 hurudi kila milisekunde 200. Kisha analegeza skrubu za mota ya kichwa na kuisogeza kwa kiasi cha unywele, akiangalia wimbi likikua. Kimo chake kikifikia kilele anakaza skrubu na kunakili diski yote mara moja, kabla ya kugusa kitu kingine. Kwa diski za ujazo wa kawaida mabadiliko ya sumaku huja kwa nafasi za mikrosekunde 4, 6 na 8, kwa hiyo megahezi 20 zinatosha na kuzidi.